Msimu Usio wa Ini

Tabibu wetu hupima mapigo kwa vidole vitatu, kafumba macho, kucha zikinukia tangawizi. Katika tiba yake kila msimu una kiungo chake: kila majira ya machipuko nguvu ya ini hupanda na kuleta hasira, kwa hiyo humwandikia Bwana Laifu dawa ya kuituliza, akimwambia Guizhen, mke wa Laifu, "Si yeye, ni majira."

Jana, majani yakipukutika, Laifu alimleta Guizhen, mkono umevimba kwa kipigo.

"Ini tena, Tabibu," alicheka. "Si unalijua?"

Tabibu aliweka chini brashi yake ya kuandikia. "Msimu huu ni wa mapafu na huzuni. Hasira hii ni yako mwenyewe. Siandiki."

Laifu alitoka akibamiza mlango. Guizhen alibaki kidogo, akiteremsha mkono wa nguo juu ya uvimbe.

"Ungemwandikia tu, Tabibu," alinong'ona. "Mimi ndiye ninayerudi naye nyumbani."