Mlango wa Mama Hazim

Siku Inshirah alipobeba godoro lake kulipandisha juu ya paa, jengo zima lilitoka kwenye ngazi kumtazama, na hakuna aliyemsaidia ila mimi. Nilishika ncha ya nyuma, nikawa namlaani kila ghorofa tunayoipita.

"Una wazimu, Mama Hazim! Mtu ana nyumba ya vyumba vitatu na kibaraza kinachotazama bahari, anakwenda kulala kwenye chumba cha kufulia?"

"Sukuma, Mama Nadir," akanijibu bila kugeuka. "Maneno utayasema tukifika."

Tulipofika sikuwa na pumzi ya kusema. Yeye alilitandika godoro, akaweka picha ya marehemu mumewe, kisha akaona picha ile haifai kukaa na ndoo, akairudisha chini sebuleni ilikokuwa. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuwa anahama. Nyumba ilikuwa bado yake, ila angelala nje yake.

Sababu ilikuwa mwanawe. Hazim ni mtoto mwema, lakini ana ugonjwa wa watu wa Kairo, wa kudhani Aleksandria ni mahali pa kuja kuogelea tu. Baba yake alipofariki alimwambia mamake, "Njoo ukae nasi. Hiyo nyumba tumpe mpangaji wa kudumu, ikutunze." Inshirah aliwajua wapangaji wa kudumu wa mji huu: mtu anaingia na sanduku moja, anatoka kwa jeneza. Akimpa mtu nyumba ndiyo basi, hatarudi tena kwenye kitanda alichopelekwa akiwa bibi arusi. Na pensheni peke yake haikutosha kuishikilia.

"Kwa mkwe wangu nitakuwa mgeni," aliniambia. "Basi bora wageni waje kwangu. Wakishamaliza siku zao wanaondoka, nyumba inabaki na mwenyewe."

Ndivyo walivyoanza kuja, wageni wa kukodi kwa siku kupitia mtandaoni, na mabegi yao ya magurudumu, goko-goko-goko kwenye ngazi. Wengine walikaa siku chache, wengine mwezi. Wakiwepo yeye yuko juu ya paa. Wakiondoka anashuka, anafungua madirisha, analala kitandani kwake kama malkia.

Aliyekuwa hapendi ni Haji Subhi, jirani wa mlango kwa mlango, afisa wa forodha mstaafu na mwenyekiti wetu wa jengo. Mtu akizoea kukagua mizigo ya watu miaka yote, hata akistaafu mkono unamwasha. Lakini siwezi kusema alikuwa mjinga. Alimsimamisha Inshirah ngazini, mbele yangu, akamwambia:

"Mama Hazim, jirani ni nini? Jirani ni mlango. Baba yangu alipofariki, wanaume wa matanga walikaa wapi? Kwako. Mumeo, Mungu amrehemu, aliondoa hadi meza. Mimi nina vyumba viwili na mama mzee. Siku yake ikifika, nitagonga mlango wako, na mzungu atanichungulia kwenye kitundu, azime taa. Ndiye jirani huyo?"

"Mlango wangu utafunguka, Haji."

"Na nani? Na wewe uliye juu na njiwa?"

"Utafunguka," alisema Inshirah, akapanda zake.

Basi akaanza kuwafundisha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Inshirah alilitoa jembe siku ya kwanza. Wenye nyumba wengine huwaonyesha wageni swichi ya maji moto. Yeye hilo alilisema mwisho. Kwanza alimkalisha mgeni jikoni, akampa chai, akaanza, kwa simu ya kutafsiri na kwa mikono: ukisikia kilio mlango wa pili, zima muziki. Fungua mlango wazi, pande zote mbili. Toa viti. Jifunge kitu cheusi. Sema, "Mungu awape subira." Kisha aliwafanyisha mazoezi. Nimemwona Mbrazili mzima na mabega yake akibeba viti vya kulia chakula hadi sebuleni na kuvirudisha, huku Inshirah akipiga makofi: "Haraka! Watu wamesimama ngazini!"

Niliona ni upuuzi, na nilimwambia. Hakunisikiliza.

Halina alikuja majira ya baridi. Alikuwa mwalimu mstaafu wa Poland, mrefu, mwenye aibu, na alichukua nyumba mwezi mzima kwa sababu kwao, alisema, wakati huo jua halionekani. Yeye hakulicheka somo. Aliyarudia maneno yale mdomoni kama mtoto wa chuo, na jioni nilimsikia kupitia dari yangu akivuta viti peke yake. Inshirah alimpenda kuliko wote.

Sasa, mama yake Haji Subhi, Hajja Bahiya, hakuwa ajuza wa kawaida. Meno hana, miguu hana, lakini timu ya mji wetu ilikuwa roho yake. Siku ya mechi alisogezwa mbele ya televisheni na kitanda chake. Alasiri moja timu ikafungwa dakika ya mwisho kabisa, kwa bao la kujifunga wenyewe. Hajja akapiga ukelele: "Uwiii! Nyumba yangu imebomoka! Mmeniua, wana wa mbwa, mmeniua!" Wajukuu wakaitikia. Haji Subhi mwenyewe akawa anapiga paji la uso ukutani.

Mlango wa pili ukafunguka, pande zote mbili. Viti vikatoka. Na Halina, amejifunga kitambaa cheusi, machozi yamemlenga, akavuka, akasimama mbele ya Haji Subhi, akamwambia polepole, neno moja moja, bila kukosea:

"Mungu awape subira."

Wallahi sijawahi kuona mtu akibadilika rangi vile. "Ananizikia mama!" alipiga kelele Haji. "Mama yangu yu hai, anakuja kunipa mkono wa tanzia! Fali mbaya gani hii, nuksi gani hii imeingia nyumbani kwangu!"

Ndani kitandani, Hajja Bahiya alikuwa anacheka hadi anakohoa. "Mwache! Mwache wewe! Jengo lote limesikia nalia, huyu peke yake ndiye aliyekuja! Mwambieni aingie, timu yenyewe imekufa kweli."

Lakini Halina hakuelewa kicheko, alielewa kelele tu. Alirudisha viti, akafunga mlango, akatia na mnyororo. Tangu siku hiyo alitembea ngazini kwa vidole, na akimwona Haji anarudi ndani.

Ijumaa baada ya sala tulikutana uani, jengo zima. Haji alisema kwa kirefu, na fali mbaya ile akaitaja kila alipovuta pumzi. Mikono ikapanda. Wangu haukupanda, ila ulikuwa mmoja. Ikaamuliwa: huyu Mpolandi amalize mwezi wake, baada yake bawabu asimwingize mgeni yeyote. Ndani ya saa moja Hazim alikuwa kwenye simu, anasema anakuja na gari kumchukua mama mwisho wa mwezi.

"Njoo, mwanangu," Inshirah alimjibu. "Nitakupikia samaki. Utakula, utarudi na gari lako."

"Mama, mkutano umeshaamua!"

"Mkutano umeamua. Mimi bado."

Nilimwuliza usiku ule atafanya nini, akasema, "Nitamaliza somo. Nilimfundisha nusu." Lakini Halina hakutaka kufundishwa tena. Kila Inshirah akianza habari ya viti, alitikisa kichwa na kwenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Nilimhurumia rafiki yangu. Nilianza, kimoyomoyo, kuzoea jengo bila yeye.

Wiki ya mwisho ikaja dhoruba. Bahari ilipanda barabarani, mvua ikawa inakuja ubavuni, mtaani huwezi kusimamisha hata mwavuli. Asubuhi nikiwa namenya vitunguu nikasikia kilio juu. Kilio hiki sikuhitaji kuuliza. Kilikosa sauti moja, ile kubwa kuliko zote.

Nilipanda mbio. Wajukuu walikuwa wameshikana mlangoni. Haji Subhi amesimama ngazini na soksi, hana kofia, mtu mzima amepungua hadi amekuwa mtoto. Turubai la matanga lisingesimama katika upepo ule, na wanaume wa ukoo walikwishaanza kupanda ngazi, wameloa, wanajibanza ukutani. Haji alikuwa anautazama mlango wa Inshirah, na mlango ulikuwa umefungwa.

Inshirah alishuka kutoka juu, maji yanamchuruzika, ufunguo wa akiba umening'inia shingoni kama siku zote.

"Fungua basi!" nilimwambia. "Si unao?"

"Ninao," alisema kwa sauti ya chini. "Nikifungua mimi, Haji atakuwa alisema kweli."

Akagonga. Watu wote ngazini wakatutazama, nami nikatamani kumnyang'anya ule ufunguo nimalize aibu. Akagonga tena, kwa upole, kama anayemwamsha mgonjwa. Mlango ukafunguka upana wa mnyororo, jicho moja likatokea.

"Mpira?" aliuliza Halina.

"Si mpira, mwanangu," alisema Inshirah. "Bibi."

Mnyororo ukaanguka. Mlango ulipofunguka tukaona kitambaa cheusi kimeshafungwa kichwani. Alikuwa amesimama hapo nyuma ya mlango tangu kilio kilipoanza, amejiandaa, anaogopa kukosea tena. Na viti vilikuwa vimeshapangwa, safu mbili, na meza imeondolewa. Nililia hapohapo, na sikulia kwa ajili ya Hajja peke yake.

Halina alivuka. Alisimama mbele ya Haji Subhi, akasema yale maneno yake. Haji aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, akamwitikia kama anavyoitikiwa mtu wa kwetu.

Siku tatu wanaume walikaa mle, na msomaji wa Kurani, na kahawa chungu aliyoichemsha Halina mwenyewe hadi vidole vikamwungua. Usiku alilala juu ya paa, yeye na Inshirah kwenye lile godoro nililolibeba kwa laana, miguu yake mirefu imetokeza nje. Haji alikaa chini ya picha ya mume wa Inshirah, palepale alipokaa siku ya baba yake.

Hazim alikuja mwisho wa mwezi. Alikula samaki. Akarudi na gari lake.

Uamuzi wa mkutano haukufutwa na yeyote, ila hakuna aliyeutaja tena. Wageni waliofuata walikuwa mke na mume kutoka Korea. Bawabu aliwazuia getini, kama alivyoagizwa, akapiga kelele kumwuliza mwenyekiti. Haji Subhi akashuka bila kujibu, akachukua begi moja, akapanda nalo, goko-goko-goko. Inshirah na mimi tulikuwa juu kabisa ya ngazi, tumeinama tunasikiliza. Haji aliwasimamisha kati ya milango miwili, na kwa simu na kwa mikono akaanza kuwafundisha.

"Hapa nyumbani kwangu wakati mwingine tunapiga kelele. Mkisikia kilio, msikimbilie kutoka. Kwanza ulizeni: mpira, au msiba?"

Wale wawili wakaitikia kwa kichwa. Haji akageuka, akatazama mlango wake, upande kilikokuwa kitanda mbele ya televisheni.

"Hapana," akasema. "Msiulize. Nyie fungueni tu. Ikiwa ni mpira, mtaingia tunywe chai."