Kijiti Shimoni

Jirani yangu fundi cherehani ndiye aliyeanza. Nilikuwa nimempelekea gauni la mwanangu apunguze mabega, akanivuta mpaka nyuma ya pazia la kupimia.

"Shoga, yule mzee wa chumba cha mwisho, umemchunguza?"

"Fundi redio? Ana nini?"

"Hayuko peke yake mle. Mchana nasikia watu wanapigana. Mmoja anatishia, mwingine anacheka cheko la kutisha, wa tatu anaomba msaada. Nikaukodolea mlango macho nione nani atatoka. Katoka yeye, na ndoo ya maji machafu!" Akashusha sauti. "Ana majini, shoga. Tena hayaelewani."

Nilicheka, lakini maneno yale yalinikaa. Chumba chetu na cha mzee vinatenganishwa na ukuta mwembamba, na mimi nilikuwa nikisikia kitu ambacho fundi hakukitaja: kikohozi. Kikohozi kikavu, kimya kidogo, kisha sauti nzito inaanza upya sentensi ileile, kama mtoto anayekariri somo.

Jioni nilimsimulia mume wangu akiwa anakula. Akaweka kijiko chini, uso wote ukachangamka.

"Majini wapi! Huyo ni Maiki! Ah, wewe ulikuwa hujazaliwa."

Ndipo akanihadithia. Miaka ya tisini mzee alikuwa na banda la video, pale lilipo sasa duka la mabati. Kila Jumamosi alionyesha mfululizo wa kigeni, vijana watano wenye kofia za chuma na nguo za rangi, wanapigana na majitu. Lugha yao hakuna aliyeijua, hata yeye mwenyewe. Alikaa kwenye stuli kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, maiki iliyompa jina, akayasema yote: mashujaa, majitu, mpaka mlango unaofungwa. Majina ya kigeni yalimkwama mdomoni, basi akawapa mashujaa majina ya utani ya wachezaji wa timu ya mtaa wetu enzi hizo. Mwekundu akawa Kiberenge, jina la winga aliyekimbia kama anafukuzwa. Wa kijani akawa Komeo, golikipa.

"Na sisi tuliamini!" mume wangu alisema. "Jumapili uwanjani Kiberenge akikosa goli, tunampigia kelele: vaa kofia, Kiberenge, vaa kofia!"

Akainuka kunionyesha teke la Kiberenge, akagonga goti mezani. Mtoto akashangilia.

"Halafu siku ya Kijiti sasa! Maiki alikuwa na mwanawe, mwembamba, tunamwita Kijiti. Alimganda baba yake, naye atiwe mle kwenye picha, hata mara moja. Siku hiyo Maiki kakubali. Tunasubiri. Mara kinatokea kibaraka kimoja cha majitu, kinakimbia ovyo, kinadumbukia shimoni. Maiki huyo, 'Na huyu ndiye Kijiti, mama yangu nakufa!' Banda zima hoi. Tulicheka mpaka benchi likavunjika. Tukamtungia na wimbo: Kijiti kaanguka, Kijiti shimoni. Akipita tu, tunaimba."

"Na yeye?"

"Nani?"

"Kijiti."

Mume wangu akafikiri. "Nadhani hakurudi tena bandani. Sijui, mama. Tulikuwa watoto." Akamalizia chakula chake polepole.

Kesho yake nilichukua pasi yetu iliyokatika waya, nikamshika mwanangu mkono, nikaenda kugonga kwa mzee.

Chumba kilinuka risasi ya kulehemia iliyoyeyuka. Juu ya meza redio zilikuwa wazi, matumbo nje, na kila skrubu kwenye kizibo chake cha soda. Kwenye kona palikuwa na televisheni ya kichogo, deki juu yake, na ukutani picha ya timu iliyopauka mpaka jezi zote zimekuwa rangi moja.

"Shikamoo, baba."

Aliitikia kwa kichwa. Akaikagua pasi, akakata waya, akaunganisha. Mwanangu akanyoosha kidole kwenye picha.

"Huyo Kiberenge," mzee akasema. Sauti ilitoka kama ya mtu anayeburuza gunia. Siyo ile ninayoisikia ukutani. Ile, kumbe, alikuwa anaipandisha kwa nguvu zake zote.

"Baba, unaumwa koo?"

"Kuna uvimbe. Jumatatu wananikata." Akapuliza vumbi kwenye pasi. "Wamesema sauti huenda isirudi."

Nikampangusa mtoto mikono ambayo haikuwa michafu. Mzee akaketi kwenye stuli.

"Mumeo amekuambia habari ya shimo?"

"Ameniambia."

"Alicheka?"

"Mwanzoni."

Akatikisa kichwa. "Banda lilijaa siku ile. Nikataka kicheko, nikakipata. Mwanangu alikaa mbele kabisa, kavaa shati lake la shule, lililopigwa pasi. Na wa bluu, binti yangu, alikuwepo! Ningempa wa bluu. Unajua wa bluu nilimpa jina la nani? Mchezaji wa akiba. Msimu mzima hakugusa mpira."

"Hukumwomba msamaha?"

"Nilimwambia ni mchezo tu." Akakohoa, muda mrefu. "Sasa anaendesha malori huko mbali. Akipiga simu anaongea na dada yake. Mimi ananisalimia. Habari, nzuri, basi. Naye siku hizi akinisikia sauti hii, anadhani nimekasirika."

Akasimama, akasukuma kanda kwenye deki. Picha ikaja na mistari na chenga, vijana watano wakapiga mikao yao. Mwanangu akaketi chini palepale, mdomo wazi.

"Picha siwezi kuibadilisha," mzee alisema. "Kijiti ataingia shimoni tu. Lakini maneno ni yangu. Sasa hivi sisemi kaanguka. Nasema karuka. Karuka kwa hiari yake, kuna mtoto amekwama kule chini, na hao wakubwa wote wenye kofia wameogopa. Nafanya mazoezi kila mchana. Kila nikifika pale, koo linafunga."

"Basi tumwite mume wangu, sauti yake..."

"Hapana. Huyo alikuwa kwenye lile benchi, anacheka." Akatabasamu kidogo. "Simu yako inarekodi?"

"Inarekodi."

"Ishike hivi, televisheni ionekane na mimi nionekane. Dada yake atamtumia mwanangu." Akachukua kipaza sauti cha zamani, waya wake hauendi popote. "Na wewe simama karibu, binti yangu. Sauti ikikatika pale shimoni, usinisubiri. Malizia wewe. Sema karuka."