Kazi ya Karamu

Ulimi wa Mkurya hauipendi L. Huigeuza kuwa R kabla haijatoka mdomoni, na mwenye ulimi hana habari. Ndiyo maana nilipomaliza chuo cha ualimu, katika miaka ile ya hamsini, baba yangu alizunguka kwa majirani wote akitangaza kwamba mwanawe amepata kazi ya karamu. Alimaanisha kalamu. Majirani walisikia walichotaka kusikia, wakaanza kuja nyumbani jioni jioni, wakikaa karibu na jiko. Nadhani hata baba mwenyewe, alipolitamka neno lile, aliona nyama.

Kazi zenyewe zilikuwa mbili. Shule ya kanisa kule Nyambureti, ng'ambo ya mto Mara, ilitaka mwalimu. Mgodi wa dhahabu karibu na Kewanja ulitaka karani mwenye mwandiko mzuri, na ulikuwa tayari kumlipa karibu mara tatu ya mwalimu. Baba hakuwa mtu wa shilingi. Alikuwa mtu wa ng'ombe.

"Mura," akaniita, yaani kijana kwa Kikurya, "huko mgodini, kwa mwaka unanunua ng'ombe wangapi?"

"Watatu, Tata."

"Na huko shureni?"

"Mmoja. Labda na mguu wa wa pili."

Alifikiri kidogo. "Mguu hauzai," akasema.

Mdogo wangu alikuwa mlangoni anapepeta ulezi, na ungo wake ukasimama. Sisi wawili tulikuwa wa tumbo moja. Alikuwa msichana mkubwa tayari, amemaliza darasa la nne, na masista walikuwa wamemwahidi nafasi katika shule ya bweni ya wasichana. Kwetu, ng'ombe wanaokuja kwa kuolewa kwa dada ndio wanaomwoza kaka. Mimi nilikuwa nimefika umri wa kuoa na zizi la baba lilikuwa jembamba. Nikileta ng'ombe kutoka mgodini, yeye atasoma. Nisipoleta, ataleta yeye. Hakuna aliyelisema hilo kwa sauti, na hakukuwa na haja. Nililielewa kabla uji wangu haujapoa.

Basi nikaenda mgodini kujaribiwa kwa mwezi mmoja.

Nilipewa meza, kiti chenye mto, na daftari kubwa la kuandika majina ya vibarua. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka mtoni ukafunika bonde lote, na dirishani kwangu dunia ikawa nyeupe kama maziwa. Mkono wangu uliandika. Mimi mwenyewe sikuwepo. Nilikuwa Nyambureti, ambako chuo kilikuwa kimenipeleka mwaka uliotangulia kufanya mazoezi ya kufundisha, katika darasa la nyasi lisilo na mlango. Siku ya kwanza niliandika ubaoni: *Nina kalamu.* Watoto arobaini wakasoma kwa nguvu zote, "Nina karamu!" Nikawasahihisha. Wakarudia, kwa nguvu zaidi, "Nina karamu!" Nikawaambia waangalie ulimi wangu. Wakauangalia kwa heshima kubwa, wakavuta pumzi, na mimi mwalimu wao, nikiwa nimejaa ujuzi wa chuo, nikafungua kinywa nikasema, "Nina karamu." Tulicheka mpaka chaki ikanidondoka. Siku nyingine nyumbu walipita kule bondeni, maelfu kwa maelfu, weusi kimya, na darasa zima likasimama ukutani kuwatazama. Sikumkemea mtu. Nilikuwa nimesimama nao, nikiwa na mtoto mmoja begani asiyefikia kuona.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyaona pale mezani. Siku moja karani mkuu, mzee Mjaluo kutoka upande wa ziwa, mtu mpole mwenye miwani, alifungua daftari langu akalitazama muda mrefu.

"Kijana," akaniita. "Huyu kibarua anayeitwa Baba Anakula Ugali ni wa kijiji gani?"

Nikatazama. Katikati ya majina, kwa mwandiko wangu mzuri, lilikuwapo somo la kwanza la kusoma.

"Na zamu yake ni ya asubuhi au ya jioni?" akauliza tena. Kisha akavua miwani. "Nenda ukafundishe, kijana. Hapa utatupa hasara na wewe utajipa ugonjwa."

Ningeweza kusema kwamba yeye ndiye aliyeamua. Sivyo. Angenivumilia, nami ningezoea, watu huzoea mambo mazito kuliko kiti chenye mto. Niliamua mwenyewe, nikijua nani atalipa. Nilijiambia kwamba huenda ng'ombe wa baba watazaa mapacha, huenda wachumba watachelewa, huenda masista watakuja kumsemea. Mtu anayetaka jambo hakosi huenda.

Baba hakunigombeza. Alikwenda zizini akasimama huko mpaka jua likazama. Baada ya mavuno wageni walikuja kuposa, maneno yakaenda haraka, ng'ombe wakapanda kilima. Siku aliyoondoka mdogo wangu hakulia. Mimi ndiye niliyejificha nyuma ya ghala nikalia kama mtoto. Kisha nikaoa, nikavuka mto kwa mtumbwi pamoja na mke wangu na sanduku la vitabu.

Na hili ndilo linalonitia aibu hadi leo: nilikuwa na furaha. Niliamka kabla ya jogoo kwa hamu ya kuingia darasani. Mshahara uliisha kabla ya mwezi, kanzu yangu ya kanisani ilitiwa viraka, na bado niliimba njiani.

Mwaka wa tatu mdogo wangu alikuja kututembelea, mtoto mgongoni. Alinikuta nafundisha, akaketi benchi la nyuma, akasikiliza hadi mwisho. Watoto walipotoka kucheza akasogea mbele.

"Kaka, kure mgodini wangekuwa wanakuripa zaidi ya hapa?"

"Zaidi sana."

"Na hapa unafurahi?"

Nilitamani kumwambia kwamba ninateseka, ili tugawane. Lakini alikuwa amenitazama saa nzima.

"Ninafurahi," nikasema.

Alimkaza mtoto mgongoni. "Afadhari. Ningekukuta umenuna ningedai ng'ombe wangu."

Akacheka, akaenda kwa mke wangu kumsaidia kutwanga. Nikagonga kengele, watoto wakarudi wakiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Nilisimama mbele yao na chaki mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Nyambureti nikawahesabu wasichana. Walikuwa wawili.