Alhamisi ya Mama Geuza

Binti yangu mtaa mzima unamwita Mama Geuza. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na huko mtu asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, ubavu huu, ubavu ule, asije akatoka vidonda mgongoni. Akitoka huko anakuja kwangu kumgeuza baba yake. Kiharusi kilimchukua mume wangu upande mzima wa kulia, kikamwachia ulimi. Laiti kingefanya kinyume.

Miaka mitatu sasa anageuza tu. Jioni moja alisinzia wima kwenye foleni ya mkate, na asiyeamini akamuulize mwenye duka. Mbele yake alisimama mwanamume, pande la mtu. Mama Geuza, amefumba macho, akamshika bega na nyonga: "Haya baba, tunageukia ukutani. Moja, mbili, tatu." Yule bwana akageuka! Wa mbele yake naye akageuka, na wa mbele zaidi, mpaka foleni nzima ikawa inatazama ukuta na mwenye duka anaviuzia visogo.

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye hakucheka. Wiki ileile nusura ampe mgonjwa dawa mara mbili. Msimamizi wake alimdaka mkono, akamkalisha chini.

"Dada, umechoka. Kila Alhamisi alasiri watunzaji wanakutana pale zahanati, wanazungumza na mshauri. Nenda. Ukikosea tena, nitakutoa kwa wagonjwa."

"Siendi," akaniambia huku anafua shuka. "Nani atamgeuza baba?"

"Mimi."

"Mama, wewe kuinuka kitini tu unaita watu."

"Nilimbeba baba yako mgongoni siku ya harusi, alipochoka njiani."

"Hiyo njia kila mwaka inarefuka."

Mzee akadakia kutoka chumbani: "Muache aende! Nitageuka mwenyewe!"

"Ungekuwa unageuka mwenyewe, baba, mimi ningekuwa nimelala."

Akakaa juu ya ndoo, shuka mbichi mapajani, maji yanamchuruzika miguuni. Hakulia. Afadhali angelia. Akasema taratibu, mzee asisikie: "Mama, jana nilimwangalia baba, nikatamani asiwepo. Dakika moja tu."

"Dakika moja? Mimi nimekaa naye miaka arobaini na saba, nimetamani hivyo wiki nzimanzima. Na uji wake bado nakoroga. Nenda zahanati, mwanangu."

Alhamisi akaondoka saa nane, huku anarudia maagizo mpaka getini. Saa kumi nikamshika mzee bega na nyonga. Moja, mbili, tatu. Hakusogea hata unywele. Nikavuta shuka, akateleza, mguu ukaning'inia nje ya kitanda, na ule ulimi wake ukaanza kazi. Nikapiga kelele dirishani kumwita fundi viatu wa jirani. Tukamgeuza wawili, fundi akihema kama aliyesukuma gari.

Binti yangu alisema atarudi saa kumi na nusu. Alirudi saa kumi na mbili. Hakunisalimu. Akaenda moja kwa moja kitandani, akainua shati la baba yake, akapitisha vidole mgongoni, nyongani, visiginoni. Hakuna palipochubuka. Ndipo akakaa.

"Ulisema nini huko?"

"Sikusema kitu. Nilikalia kiti, nikalala. Wakanifunika khanga, wakawa wananong'ona. Nilipoamka wamebaki wawili, wananisubiri tu."

Akavua viatu, akaiangalia miguu yake iliyovimba kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Alhamisi ijayo utaweza tena, mama?"

"Kwa mkono mmoja," nikamjibu. Mgongo ulikuwa unawaka moto. Nilikaa kwa sababu kusimama siwezi, na fundi viatu nilishaweka naye miadi.

Mzee akafungua mdomo. Nikamtolea macho. Akaufunga, kwa mara ya kwanza tangu anioe.