Ua wa Bustani ya Jumba

Kila nikinusa nyasi zilizokatwa zikiwa bado na umande, ninamwona Mama kwenye bustani ya lile jumba la zamani karibu na Laurel, Maryland, simu mkononi, akimwonyesha Nyanya kondoo kwa video.

Tulikuwa tukienda Jumapili baada ya ibada, mimi na viatu vyangu vya kanisani. Tajiri aliyelijenga alitaka kuishi kama bwana mwinyi wa Uingereza: nyasi hadi macho yachoke, ziwa lililopinda kama mto, miti katika makundi ungedhani Mungu ndiye aliyeipanda. Kumbe yote yalipangwa, na ziwa lilichimbwa na watumwa kwa majembe. Mimi nilidhani mbinguni ndipo pale.

Nyanya, aliyefuga kondoo maisha yake yote huko nyumbani Nyandarua, hakushughulika na ziwa.

"Na fence iko wapi? Hao watamaliza maua ya watu."

"Hakuna fence, Mami."

"Hakuna boma halina fence. Angalia vizuri." Kisha akauliza swali lake la kila Jumapili: "Mnakuja lini?"

Hakuna nilichokitaka zaidi ya hicho, kuishika mikono ya Nyanya. Mama akajibu, "Karibu tu, Mami. Njia iko wazi, ni job tu imenishika."

Nikakimbia kumtafutia Nyanya ua wake, hiyo fence. Ghafla nyasi zikaisha, nikaporomoka mtaroni. Kugeuka, naona ukuta wa mawe umenipita kimo. Ukisimama upande wa jumba huuoni kabisa.

"Mum, there's a wall huku chini!"

Nyanya alicheka hadi akakohoa. "Si nilisema? Wameificha, mwenye nyumba ajione hana mpaka."

Mama hakucheka. Alinivuta juu akanikumbatia kwa muda mrefu, nami nikashangaa, maana sikuwa nimeumia.

Nyanya alipofariki, Mama alitazama mazishi kwenye simu, ameketi kitandani na nguo zake nyeusi. Nilimkasirikia sana kwa kutokwenda. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa na makaratasi. Angetoka Marekani, asingeruhusiwa kurudi kwangu.

Mwaka huu nimefika kwa Nyanya, peke yangu, kwa pasipoti niliyoipata kwa kuzaliwa Maryland. Nilimpigia Mama video, nikamwonyesha kaburi, kondoo, na ua wa kayaba wenye miiba ya kuonekana na kila mtu.

"Nionyeshe geti," akasema.

Nikamwonyesha. Lilikuwa wazi, kama Nyanya alivyozoea kuliacha mchana kutwa.