Gari Lisilobisha Hodi

Gari langu la kwanza lilikuwa na bomba la moshi lililopasuka, na kwa miaka saba majirani zetu wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, walijua saa zangu kuliko nilivyozijua mwenyewe. Nikikata kona pale wanapouza mkaa, watu walikuwa tayari wanasema, "Huyo anarudi." Niliona aibu. Kila mwezi niliapa kulitengeneza, na kila mwezi nikapata kisingizio.

Kumbe nyumbani kwangu palikuwa na mtu aliyelihitaji bomba lile jinsi lilivyo. Alikuwa mama wa mke wangu. Sisi humwita mkwe wa aina hiyo buko, naye huniita buko vilevile. Alikuwa ametoka Pweto, mbali huko kaskazini, kuja kutibiwa macho. Daktari alituambia wazi: alichokwisha kupoteza hakitarudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa, mradi atiwe dawa ya matone asubuhi na jioni bila kukosa, na aonekane hospitali kila mwezi. Mke wangu ndiye binti yake pekee anayeishi Lubumbashi. Hapakuwa na pengine pa kukaa ila kwetu, kwenye chumba kidogo nyuma ya jiko.

Sasa, kwa watu wa upande wa mke wangu, mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawapeani mikono, hawakutani njiani, hawasemezani. Mgeni akisikia hivyo hudhani tunachukiana, na mimi huchoka kumweleza. Ni heshima, tena kubwa; sisi husema wakwe wanachungana. Kuna sherehe ya kuiondoa miiko hiyo, wenye ndoa wengi wa rika langu walishaifanya, lakini mimi nilikuwa mtu wa "mwaka kesho." Mwaka kesho wangu ulikuwa na mvi.

Tuliishije basi katika ua mmoja? Kwa lile bomba. Alikuwa akinisikia tangu kwenye mkaa, anachukua kigoda chake polepole, anaingia chumbani, anashusha pazia. Mimi nazima gari, nakohoa, naingia nyumba kubwa. Asubuhi nikiondoka, kelele ikishafika mbali, yeye anatoka kuota jua. Miezi minane ilipita hivyo, na cha zaidi nilichowahi kuona kwake ni kisigino kikipotea nyuma ya pazia. Nilijisifu kwamba mimi ni mkwe mwema. Sifa zote zilikuwa za bomba.

Gari lile lilikufa njiani nikitoka Mokambo, ninakokwenda mara kwa mara kwa kazi yangu ya makaratasi ya forodha. Mwenzangu mmoja wa ofisini akanishawishi ninunue ibride, gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, lililokuja limetumika kutoka Japani, usukani kulia kama yote yale. Nikanunua.

Acha niseme kweli: nililipenda kama mjinga. Unabonyeza kitufe, hakuna kinachotokea. Taa inawaka tu, ukafikiri limekataa. Kisha unakanyaga kidogo, na ukuta wa jirani unaanza kurudi nyuma. Kwenye msongamano wa kwenda mjini injini inajizima yenyewe, nami nakaa katika kimya changu, nasikiliza wenzangu wakichoma mafuta bila kusogea. Muuza petroli niliyezoea kumwona kila siku ya tatu aliniuliza kama nilikuwa mgonjwa. Mwenzangu yule wa ofisini alikuwa akinitania kwamba udongo wa mashimo yetu ya madini, ule unaotengenezewa betri, umekwenda kutembea ng'ambo, umerudi na magurudumu.

Karaha zilikuwepo. Jirani yangu mmoja alinizuia getini na kuniuliza habari ya umeme, "Na courant vile inakatikaka, unaichargeaka wapi?" Nikamweleza kwamba halichomekwi popote, linajichaji lenyewe ukikanyaga breki. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa kabisa, kisha akauliza, "Sawa. Na kamba yake iko na urefu gani?" Fundi wangu wa siku zote, aliyewahi kuninyooshea shafti kwa nyundo, alifungua boneti, akaona nyaya nene za rangi ya machungwa, akaifunga taratibu. "Patron, ile miye siiguse. Iko inaua muntu." Cha maana alichonionyesha ni matundu madogo kando ya kiti cha nyuma. "Apa njo betri inapumuaka. Vumbi ikiingia, ao bunga, ao manyoya, itakufa, na hakuna muntu hapa ataifufua." Vumbi, unga, manyoya: maneno hayo niliyashika kuliko nilivyowahi kushika mahubiri. Kila Jumamosi nilifuta matundu yale kwa brashi ya kuchania nywele.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wangu wa kwanza ulitokea mchana, saa tisa na kitu. Nilirudi mapema, geti lilikuwa wazi, nikaingia uani polepole kwa mota ya umeme. Buko alikuwa amekaa katikati ya ua, kitambaa cha kichwa kimewekwa pembeni, kitenge kimepandishwa hadi magotini, anapaka miguu mafuta. Mke wangu alikuwa sokoni. Nilisimama hatua nne kutoka kwake, na yeye bado anapaka mafuta. Nilipofungua mlango ndipo alipogeuka, uso kwa uso.

Mimi, mtu mzima mwenye tai shingoni, nilirudi ndani ya gari nikalala kwenye viti kama mwizi wa kuku. Nilisikia akijikokota, akigonga ndoo, kisha pazia. Niliponyanyuka, uani palikuwa na ndala moja tu na kile kitambaa.

"Baba, umefanya nini?" mke wangu aliniuliza jioni.

"Nimerudi nyumbani kwangu. Ni kosa?"

"Unaingiaka sasa kama mwizi mu parcelle yako mwenyewe. Mama analia."

Akanikumbusha adhabu ya kosa hilo, kwa sababu mila ile haimwachi mtu bila mlango wa kutokea. Mkwe aliyekosea huleta kuku mzima, hai, aliyefungwa miguu. Anamleta kwa mkono wake mwenyewe, anamweka mlangoni, anapiga makofi matatu, anaondoka. Mama akimpokea kuku, neno limekwisha. Nikasema nitaleta Jumamosi. Jumamosi nikawa Mokambo. Nilichofanya ni kuanza kupiga honi kila nikifika kwenye mkaa. Lakini Katuba nzima hupiga honi: teksi, pikipiki, muuza mikate. Mama wa watu akawa anainuka na kigoda chake mara kumi kwa siku kumkimbia muuza mikate, mpaka akachoka, akaacha kuinuka.

Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Waendeshaji wapya wa magari haya wana kosa lao: kwa kuwa halingurumi, unasahau kwamba linawaka. Nilifika, nikapiga honi mlemle getini, nikamsikia akijificha, nikachukua mkoba na kuingia ndani bila kubonyeza kile kitufe. Gari likabaki uani kimya, likiwa hai. Buko akasikiliza, akasikia niko ndani, akatoka na beseni kuchota maji, akapita nyuma yake. Betri ilipopungua, injini ikaamka yenyewe, hakuna mtu ndani, ikamkoromea miguuni. Alipiga yowe nililolisikia hadi kwenye mifupa. Nikatoka mbio na kumkuta chini katika maji, na kabla akili haijanirudia nilikuwa nimemshika mkono ili kumwinua. Nilimshika! Aliuvuta mkono wake kama aliyeungua.

Hapo hata mimi nilijua kwamba kuku hangojei tena Jumamosi.

Kesho yake nilipotoka kazini nilisimama sokoni mbele ya matenga ya kuku. Muuzaji akanichagulia jogoo mwekundu, mzuri, mwenye hasira. Akajipigapiga mabawa, manyoya yakaruka, na nikayaona matundu yale ya betri kama vile yako mbele yangu. Nikamwuliza muuzaji kama ana sanduku. Hana. Nikamwangalia jogoo, nikaliangalia gari. Nilikuwa nimechoka, nina njaa, na ndani ya moyo wangu nilikuwa nimeanza kuona kwamba mimi ndiye ninayeonewa: mtu amejinunulia gari zuri, analazimishwa kuomba radhi kwa kufika nyumbani kimya! Nikaenda dukani, nikanunua kuku wa barafu. Amesafishwa, amefungwa katika nailoni, mnene kuliko yule jogoo. Nikajiambia kuku ni kuku.

Mke wangu alipouona mfuko alirudisha mikono nyuma. Alikataa kuugusa. Nikaenda mwenyewe hadi kwenye kile chumba, nikauweka juu ya kigoda, nikapiga makofi matatu, nikarudi haraka. Mkono wa buko ulitoka chini ya pazia, ukapapasa, ukagusa barafu, ukarudi ndani. Kisha akaanza kusema na binti yake, kwa sauti ya kunifikia mimi niliyekuwa sebuleni.

"Mwana, uniulizie buko wangu. Hii kuku, kichwa yake iko wapi? Maguu yake iko wapi?"

Akapandisha sauti zaidi.

"Motokari yake haina sauti, kuku yake haina sauti. Pengine anataka na miye ninyamaze."

Asubuhi alikuwa amefunga mzigo wake. Mfanyabiashara wa samaki wakavu, mtu wa kwao, alikuwa na lori linalorudi Pweto. Mke wangu alimlilia mamaye abaki walau hadi siku ya daktari, siku tisa tu. Kisha akaja kunililia mimi. "Baba, kuku moja. Kuku moja ya muzima, sasa hivi, atashusha mizigo." Soko lilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu, na muda ulikuwepo. Nami nikasema, "Aende. Akichoka na hasira atarudi." Nilisema hivyo nikifunga tai. Na kwa kuwa nimeamua kuandika, niandike lote: nilifurahi. Nilifurahi kwamba jioni ile nitaingia kwangu bila kupiga honi. Nilitoka getini kimya kimya, nikafungulia redio.

Mvua zikaanza. Barabara ya kule ilikatika, ikapona, ikakatika tena. Chupa za matone alizoondoka nazo zilikuwa mbili, na Pweto dawa ile haikupatikana. Mke wangu alituma nyingine mara mbili kwa madereva, moja ilifika. Nyumbani aliongea nami mambo ya lazima tu, chakula, maji, umeme umerudi. Nilikuwa nikirudi jioni nakuta ua mtupu, naegesha popote nipendapo, na nilichukia kila sehemu niliyoegesha.

Mwishowe nilimtuma kaka yangu mkubwa, maana sasa neno lilikuwa la wazee. Alipanda lori na kuku wawili hai mapajani, siku tatu, na huko aliomba msamaha kwa niaba yangu mbele ya wajomba wa mke wangu. Alisema buko alipokea kuku, akawapapasa vichwa, akasema neno limekwisha. Alikubali kurudi Lubumbashi. Nilimshukuru kaka yangu, na nikaamini kwa siku chache kwamba mambo yametengenezeka.

Siku ya hospitali niliwapeleka kwa njia ya adabu, maana yake niliwalipia teksi, nami nikaifuata kwa gari langu. Nilingoja nje, nyuma ya ukuta, nisikutane naye. Daktari hakuwachukua muda mrefu. Mke wangu alitoka akiwa amemshika mama yake kiwiko, na jinsi alivyokuwa akimwonyesha kila kidato kwa mguu nilielewa kabla ya kuambiwa. Mama alitembea na uso umeinuliwa kidogo, kama watu wanaosikiliza mvua ya mbali. Kile kilichokuwa kimebaki, kile ambacho tungeweza kukilinda, kilikuwa kimekwisha.

 Nilijibanza tena nyuma ya ukuta.

"Buko eko wapi?" nilimsikia akiuliza.

"Eko nyuma ya kibambazi, mama. Anakuchunga. Ngoja niite taksi."

"Taksi ya nini tena?" akasema. Hakusema kwa uchungu. Angesema kwa uchungu ningepata pa kujitetea. "Mumuite alete motokari yake. Tulikuwa tunachunga macho, na macho njo ile imekwisha."

Nilileta gari. Mke wangu alimwingiza kiti cha mbele, kando yangu, kwa sababu ndicho rahisi kwa mtu wa kupapasa, akamfunga mkanda, akaketi nyuma. Nikatoka pale hospitali polepole. Injini haikuwaka. Tulipita miti, tukapita wauza vocha, tukaingia barabara kubwa, na buko alikuwa ameweka viganja juu ya mapaja, akingoja.

"Mwana," akasema baada ya muda, "tunaenda, ao tungali tunasimama?"

Nilimwangalia binti yake katika kioo. Alikuwa analia. Kwa hiyo nikajibu mimi, neno la kwanza nililowahi kumwambia mama yule katika miaka kumi na tisa ya ndoa.

"Tunaenda, mama."

Alitambua sauti ilikotoka. Akavua kitambaa cha kichwani, akakikunjua, akajifunika uso wote kwa heshima yangu, na akabaki hivyo mpaka tulipofika nyumbani.