Mshenga wa Chuo Kikuu

Ndugu yangu Danson Mwandawiro alipochaguliwa kuingia baraza la wanafunzi huko chuo kikuu, mwaka wa sabini na nne, nilimuuliza swali ambalo alishindwa kunijibu. Mtu anawakilishaje watu? Anakaa kitini wakati wao hawapo, sawa, lakini maneno anayoyasema ni ya nani? Danson akacheka, akaniambia nishone nguo. Kweli mimi ni mshonaji, cherehani yangu ilikuwa mbele ya duka moja pale Mwatate. Lakini mimi Peris jambo nisilolielewa hunikosesha raha, na nikijibiwa ovyo napandwa na hasira.

Baraza lao lilikuwa na kiti kimoja kwa kila wilaya. Wanafunzi wa wilaya yetu walikuwa wachache, tena wa huku na huku. Wengi walikuwa wa milimani. Mmoja, Elijah, alikuwa wa Bomeni upande wa Taveta, na mwingine alikuwa Katuku wa Kaloleni pale Voi, binti wa mzee Muli, mfanyabiashara aliyetoka Ukambani. Hao wote ndio Danson aliowakalia kiti.

Mwaka uliofuata maharagwe ya bwalo lao yakazidi kuwa na wadudu. Siku moja Katuku alipanda juu ya meza akawaambia wenzake wasile, nao hawakula. Jioni yake watu wengine wakavurumisha mawe, madirisha yakavunjika, chuo kikafungwa. Danson akaitwa ofisini. Akaambiwa kwamba mchochezi ametoka wilaya yake, kwa hiyo achague: atie sahihi kwa niaba ya watu wake kwamba wanakubali Katuku afukuzwe, wao warudi masomoni, au akatae, na wote wapoteze mwaka.

Danson akasema hakutumwa na neno hilo. Akaomba aende kwanza akawaulize waliomtuma. Wakampa wiki moja, na wajumbe wenzake wakamwona mjinga, kwa sababu kwao mjumbe ni mtu wa kuamua.

Mimi nilijua ameyatoa wapi hayo. Baba yetu, mzee Josephat, alikuwa mshenga. Nusu ya ndoa za mlimani kwetu zilipita mdomoni mwake, naye alikuwa na masharti yake. Akitumwa posa hakuongeza neno wala kupunguza. Wakwe wakileta jambo jipya, hata dogo, alichukua fimbo yake akarudi kuuliza, na watu walimsubiri wakinung'unika. Hakwenda peke yake, lazima awe na shahidi. Na jibu la mwisho hakulipokea mpaka binti mwenyewe aitwe, aseme kwa kinywa chake mbele ya wote. Danson alikua akiyaona hayo, akadhani kila mtu duniani hutumwa hivyo.

Akanijia kwenye cherehani akaniambia anahitaji shahidi. Nilifunika mashine siku ile ile. Hata angenikataza ningemfuata.

Tukaanza kupanda na kushuka milima. Kila nyumba tulipokelewa vizuri, na kila mwanafunzi alitupeleka pembeni. Lois, binti mpole sana, alitutoa mpaka nyuma ya zizi ndipo akasema Danson atie sahihi, lakini jina lake yeye lisitajwe. Wengine wote walisema hivyo hivyo, kwa sauti ya chini, wengine huku wazazi wao wakiitikia kwa kichwa. Huko Bomeni, Elijah naye akasema atie sahihi, ila yeye alilisema uani kwao, watu wakisikia. Mimi nilikuwa nimevimba kwa hasira. Hawa ni watu waliogoma pamoja na huyo msichana! Danson hakukasirika hata kidogo. Alimwambia kila mmoja kwamba neno lake amelisikia, na kwamba Jumamosi alasiri aje Kaloleni, kwa mzee Muli, alirudie mbele ya Katuku. Asiyefika hatakuwa na neno la kupelekwa.

Sikuamini kwamba watakuja. Walikuja wote.

Mzee Muli alifurahi kuona vijana wengi, akidhani wamekuja kumpa pole. Mkewe, Mama Mbithe, alipika chai, na Katuku mwenyewe akapita nayo kwa kila mgeni. Nilimtazama Lois akipokea kikombe bila kuinua macho. Kisha Danson akasimama, akaeleza maneno ya ofisi kama alivyopewa, bila kuyalainisha. Mzee Muli ndiyo mara ya kwanza anayasikia. Aliweka kikombe chini, na Mama Mbithe akashika ukingo wa mlango.

Danson akamuuliza Lois kwanza. Lois akasema hapana, usitie sahihi. Aliyefuata akasema hapana. Wakaendelea hivyo, hapana, hapana, wote wale wa pembeni. Nikajiuliza ipi ni kweli yao, ile ya nyuma ya zizi au hii ya mbele ya chai. Bado najiuliza.

Akabaki Elijah. Akasimama, mrefu, shati limemshika mgongoni kwa jasho.

"Mimi nasema utie sahihi," akasema. "Katuku, sikuchukii. Hata mimi sikula siku ile. Lakini kwetu nyumbani ni mimi peke yangu nimefika shule hiyo, na nikipoteza huu mwaka sitarudi. Nimeona afadhali nikwambie mwenyewe."

Mzee Muli alitaka kuinuka. Katuku akamzuia kwa mkono.

"Amesema ukweli, baba, mwache," akasema. Kisha akamgeukia ndugu yangu. "Na mimi, Danson? Si mimi pia ni mtu wako? Kwa nini hujaniuliza?"

"Binti huulizwa mwisho," Danson akajibu. "Unasema nini?"

"Nasema unichukue twende wote. Hiyo ofisi haijawahi kuniuliza kitu."

Danson na Katuku waliondoka na treni ya siku iliyofuata. Mimi na Mama Mbithe tulibaki stesheni tumeshikana mikono, na moyo wangu ulikuwa mzito, maana sikuona njia ya kumwokoa yule mtoto.

Danson alinisimulia baadaye. Aliingia ofisini na Katuku, akasema wilaya yake haijakubali, isipokuwa mmoja, akamtaja Elijah na sababu yake yote, kwa kuwa Elijah alilisema mbele ya wote. Kisha akasema mwenye jambo huyu hapa, muulizeni. Wakakasirika, wakasema walimwita mwakilishi, si mshtakiwa. Lakini alikuwa ameshasimama mbele yao, ikabidi wamuulize. Katuku akasema mezani alipanda, mawe hakurusha wala hakumtuma mtu. Ikawa vigumu kumfukuza akiwa anawatazama. Walimsimamisha masomo muhula mmoja, wengine wote wakarudi masomoni, Elijah akiwemo.

Nilidhani sasa ndugu yangu watambeba mabegani. Uchaguzi uliofuata wa baraza, wilaya yetu ilimtoa. Ukiacha yake mwenyewe, alipata kura mbili. Niliwaka moto, nikataka kujua ni nani hao wawili, na jibu la kwanza lilikuwa rahisi, kwa kuwa Katuku alikuwa amesharudi.

La pili sikulipata mpaka Elijah alipopita Mwatate likizoni, suruali yake imechanika mfuko, akaniambia kura hiyo ilikuwa yake. Nikiishona nilimwambia wazi kwamba sielewi. Wale waliosema hapana walimnyima Danson kura, na yeye aliyesema ndiyo ndiye akampa?

"Wao aliwaaibisha," Elijah akasema. "Mimi neno langu alilifikisha, na yeye mwenyewe hakulipenda."

Nilimrudishia suruali yake, nikakataa pesa.